Neno Juu ya Malisho ya Mounsey

Septemba 8, Jumapili

Madaftari haya huuzwa mawili mawili. La kwanza nimelifanya la kumbukumbu za chama cha wafugaji wa mlima, ambacho nimekuwa katibu wake tangu Ijumaa kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali. Katika hili la pili nitaandika yasiyoweza kuingia katika lile la kwanza. Kwa mfano, kwamba mwenyekiti wetu, Wilf Tallentire, alisinzia katikati ya kikao chake mwenyewe, nasi tukamngoja aamke ndipo tufunge.

Manyunyu kutwa. Goti la mume wangu Joss linamsumbua, na yeye anatusumbua mimi na mbwa.

Septemba 9

Leo niandike lililo zito. Katika kikao kile nilisoma barua ya wakala wa mwenye mlima. Inahusu malisho ya marehemu Anthony Mounsey, jirani yetu wa upande wa mashariki, aliyefariki Februari.

Mlima wetu hauna uzio hata mmoja. Kila shamba la bondeni lina sehemu yake kule juu, na kondoo hukaa kwenye sehemu hiyo kwa sababu mama zao walikaa hapo, na mama wa mama zao. Mpaka umo vichwani mwa kondoo, haumo pengine popote. Ndiyo maana kundi haliuzwi likatoka shambani: mtu akihama au akifa, kundi hubaki likimngoja anayeingia. Lakini binti yake Anthony, Thora, aliyekuwa karani kwenye kliniki ya mifugo mjini, aliliuza lote mnadani mwezi wa nne kwa mtu wa mbali. Bonde zima halijamsamehe. Mimi pia sijamsamehe.

Barua inasema kwamba haki ya malisho ya shamba la Mounsey iko katika abeyance hadi mkutano wetu wa wachungaji wa Novemba, na siku hiyo chama kitatoa kauli yake kwa maandishi. Nilipolifikia neno hilo nililisoma kwa kishindo, kama mtu aliyekua nalo. Wote wakatikisa vichwa. Wilf akasema, "Basi. Hiyo imekwisha." Wakatikisa tena. Nami nikatikisa.

Hakuna aliyeuliza maana, na mimi niliyelisoma sikuijua. Hapa kwetu mtu anaweza kukiri kwamba mkewe amemkimbia, au kwamba kondoo wake wana upele. Kukiri kwamba hajui neno, hapana.

Septemba 12

Wilf alipita asubuhi, akaegemea ukuta wa mawe, akaanza kugawa.

"Bwana Joss, kutoka kijitoni mpaka mawe meusi, kwako. Juu ya hapo mpaka kileleni, kwangu. Tusije tukagombana uzeeni."

"Na Anthony angesemaje?"

"Angesema tumegawa vibaya. Yule alikuwa hasifu kitu."

Walicheka. Joss aliingia ndani uso umemng'aa, akampigia simu mwanetu Alan, anayeendesha lori kwenye machimbo ya mawe. Akamwambia kwamba huenda tukaweza kuongeza kondoo mia moja, na kondoo mia moja ni kazi ya mtu. Alan ana miaka thelathini na mmoja na anataka kurudi nyumbani. Nilimsikia Joss akiimba bafuni, jambo ambalo si la kawaida wala si zuri.

Septemba 15

Nimetafuta kamusi ya Alan ya shule. Nimeikuta inaegemeza mguu wa kabati.

Abeyance: hali ya jambo lililosimamishwa kwa muda. Pia, hali ya haki ambayo kwa sasa haina mwenyewe, lakini inamngoja.

Nilisoma mara tatu. Halafu nikairudisha kamusi chini ya kabati, na kabati likatulia.

Septemba 16

Mvua.

Septemba 17

Mvua. Sijamwambia Joss.

Septemba 19

Nimempelekea mayai Mwalimu Pennington. Ana miaka themanini na minne, alitufundisha sote bondeni humu, na bado ananiita kwa jina la baba yangu.

"Birkett, kaa. Si hicho kiti, hicho cha paka."

Nikamwambia nimekuja kuuliza neno. Alinitazama kama mtu aliyengoja swali hilo miaka hamsini. Nikalitaja, na kamusi ilivyosema.

"Kamusi inakuonyesha mlango tu. Chumbani haikuingizi. Unajua neno hili limetoka wapi? Limetoka kwenye neno la zamani sana la kukaa mdomo wazi. Kuachama, kama ndege kiotani. Haki iko pale, mdomo wazi, inamngoja wa kuja kuilisha."

"Kwa hiyo haijafa."

"Mfu anaachama, Birkett, lakini hangoji." Akamhamisha paka. "Sasa usikilize namna ya kulitumia. Neno hili si la kutenda. Humfanyii mtu abeyance. Jambo linawekwa katika abeyance, au linaangukia humo lenyewe kwa watu kulisahau. Na lazima liwe jambo lililokuwa likiendelea, na linaloweza kuendelea tena. Nenda kaniletee sentensi saba. Ukifika ya saba, neno litakuwa lako, hakuna wa kukunyang'anya."

Nimetimiza miaka sitini na miwili mwezi uliopita, na nimerudi nyumbani na kazi ya shule.

Septemba 22

Sentensi ya kwanza: Chakula cha jioni kiko katika abeyance. Nilimwambia Joss alipouliza kulikoni mezani peupe.

"Kiko katika nini?"

"Abeyance."

"Basi kitoe humo, nina njaa."

Septemba 26

Mwalimu amekataa sentensi yangu. Viazi vikiwa motoni, anasema, huo ni uvivu wa mpishi. Lakini amekubali ya pili: Mafunzo ya Nip yako katika abeyance mpaka goti la Joss lipone. Nip ni mbwa wetu kijana, mwenye jicho moja jeupe. Joss amekuwa akimfundisha tangu majira ya kuchipua, na humsifu kuliko alivyowahi kumsifu mtu. Anamwekea Alan.

Septemba 27

Leo nimeona nisilotaka kuona. Nilipanda mpaka kijitoni kutazama mfereji, nikamkuta Joss, goti na yote, amesimama na Fly, mbwa wetu mkubwa. Anawapitisha kondoo wetu ng'ambo, kwenye malisho ya Mounsey. Taratibu, kumi kumi, kama mtu anayemwaga maji bila kutaka kusikika. Juu zaidi niliona kondoo wenye alama za bluu migongoni. Kondoo wa Wilf walikuwa wameshafika zamani.

Kondoo wakizoeshwa mahali misimu miwili mitatu, mahali huwa pao. Baada ya hapo hakuna kundi jipya litakaloweza kukaa pale. Litasukumwa mpaka litawanyike.

Nilimwambia palepale. Nikamweleza neno, maana yake, na asili yake ya kuachama. Alinisikiliza akitazama mlima.

"Umelijua lini?"

"Wiki mbili."

"Na ulikaa kimya." Hakusema kwa ukali. "Ulikaa kimya kwa sababu na wewe unataka Alan arudi. Basi endelea kukaa kimya, mama. Kila mtu bondeni ameshaelewa neno lile lina maana gani."

"Wameelewa vibaya."

"Wameelewa pamoja. Hapa inatosha."

Kilichoniuma ni kwamba kuhusu ule ukimya alisema kweli.

Oktoba 3

Thora Mounsey alikuja leo. Niandike yote kabla sijayalainisha.

Gari lake lilisimama langoni muda mrefu kabla hajashuka. Nilimwona kupitia dirishani, nami nikajishughulisha na birika ili asijue nimemwona. Alipoingia alisimama kwenye zulia la mlangoni, akakataa kuvua koti.

"Shangazi Hester, wewe ndiye katibu sasa."

"Ndiyo, kwa bahati mbaya."

"Nataka shamba la baba. Nimemwandikia wakala. Amesema atanipangisha, ikiwa chama kitaacha malisho yabaki na shamba. Mkiyagawa, nyumba itakuwa ya wageni wa likizo. Kitanda kikubwa na picha za kondoo ukutani."

Nikamwambia kile ambacho bonde zima limekuwa likikisema nyuma yake. Nilimwambia uso kwa uso, na sauti yangu haikuwa nzuri. "Malisho bila kundi ni ya nini, Thora? Kundi uliliuza wewe. Vizazi na vizazi, ukaliuza asubuhi moja."

Akasema bila kulia, na ningependa angelia.

"Mwezi wa nne ilianguka theluji, unakumbuka. Nilikuwa na kondoo mia tatu na kumi na wawili, wote wana mimba. Baba ana wiki saba kaburini. Kazini walinipa likizo ya siku kumi. Mbwa wa baba walikuwa hawanisikii, walikaa mlangoni wanamngoja yeye. Usiku wa tatu nilipoteza wanakondoo ishirini na mmoja. Nilikuwa naziona taa zenu kutoka zizini. Yako, ya Wilf, zote. Hakuna hata mmoja aliyekuja."

"Hukuomba."

"Ningeombaje? Wewe umewahi kumsikia mtu wa hapa akiomba?"

Nilikumbuka mazishi. Tulipeleka mikate ya nyama, na nyumba nyingine zilipeleka pia. Nakumbuka niliihesabu mezani nikaona fahari: kumi na saba. Tulipeleka mikate kumi na saba, na hakuna aliyepeleka mbwa.

Nilimvua koti mwenyewe. Alikunywa chai, akala mkate wa tangawizi vipande vinne. Nikamweleza lile neno, na maana yake. Alilirudia polepole, kama mtu anayeonja kitu cha moto.

"Kwa hiyo mpaka Novemba bado ni yetu."

"Mpaka Novemba yanamngoja mtu," nikasema. "Hayo ndiyo maneno sahihi."

Nilimhukumu mtoto wa watu miezi sita kwa kosa ambalo nusu yake ni letu. Naona aibu, na naiandika hapa ili isije ikapungua.

Oktoba 4

Joss ameuliza Thora alitaka nini. Nimemwambia. Ameenda kutengeneza lango ambalo halijaharibika.

Oktoba 12, Jumamosi

Siku ya kuwashusha kondoo mlimani. Ukungu asubuhi, jua saa sita, ukungu tena. Tulikuwa wanne na mbwa sita. Mimi nilisimama kwenye bonde dogo chini ya mawe meusi kuzuia watakaopotea njia, kazi ninayopewa kwa kuwa nina sauti.

Walishuka kama kawaida, mstari mmoja mrefu, wanakondoo wamenenepa. Kisha nikaona ndani ya kundi letu mgongo wenye mstari mwekundu. Halafu mwingine. Alama yetu ni duara jeusi ubavuni. Mstari mwekundu mabegani, na sikio la kushoto lililokatwa pembe, ni wa Mounsey.

Walikuwa majike watano, na wanakondoo wanne wa kike ambao hawajawahi kuguswa na mkono wa mtu. Hawa hawakupatikana Aprili kundi lilipokusanywa kwa mnada. Theluji iliwaficha, na aliyenunua alihesabiwa na kulipia wale waliokuwapo tu. Walizaa peke yao kule juu, wakabaki kule juu.

Wenzao walipogeukia njia ya kwetu, hawa tisa walijitenga. Fly aliwazuia, wakamzunguka. Walishuka mbio hadi lango la shamba la Mounsey, lililofungwa kwa mnyororo tangu masika, wakasimama mbele yake. Walisimama tu, kama watu waliofika nyumbani wakakuta mlango umefungwa na hawana shaka kwamba mwenyewe yuko dukani.

Wilf alikuwa upande wa pili wa ukungu, hakuona. Joss aliona. Aliniangalia mimi, akawaangalia wao. Kisha akawaswaga mpaka kwenye shamba letu la chini, lile lisiloonekana kutoka barabarani.

"Usimwambie mtu," akasema.

Desturi yetu ni ya zamani kuliko kanisa: kondoo wa mtu ukimkuta kwako, unampeleka kwenye mkutano wa wachungaji, unataja alama yake mbele ya watu wote, na mwenyewe anajibu. Sijawahi kusikia mtu wa ukoo wetu wa Fearon akivunja desturi hiyo. Nilimwambia hivyo. Akafunga lango la shamba.

Oktoba 20

Mvua wiki nzima. Tunazungumza mambo ya ng'ombe na umeme tu.

Oktoba 24

Nimempelekea Mwalimu sentensi ya tano: Ndoa ya Bwana na Bibi Fearon iko katika abeyance.

Aliisoma, akavua miwani. "Sahihi kabisa," akasema. "Pole, Birkett."

Kisha akanimiminia chai kwenye kikombe kizuri. Aliniuliza kama jambo lenyewe lilikuwa likiendelea hapo awali, na kama linaweza kuendelea tena. Nikasema ndiyo, miaka thelathini na minane, na nadhani ndiyo. "Basi umetumia neno vizuri. Kama ungesema hapana, ningekupa neno lingine."

Nimetembea kurudi nyumbani nikijisikia nafuu. Asiyejua maana haambiwi maana, watu husema, lakini mimi nimeambiwa, na polepole inaniingia.

Oktoba 31

Alan amepiga simu. Baba yake amemwambia bado mambo hayajakaa sawa. Sauti ya Alan ilishuka. Nimelala vibaya.

Novemba 6

Upepo mkali, vigae viwili vya ghala vimeruka. Nilipotoka kuviokota nikamwona Joss shamba la chini, ameegemea lango katika upepo ule, anawatazama wale tisa. Nilisimama kando yake.

"Yule wa pembe iliyovunjika," akasema mwishowe. "Mimi na Anthony tulimfukua kwenye theluji ile kubwa, miaka sita iliyopita. Alikuwa na siku mbili. Anthony alimtia ndani ya koti lake, akashuka naye amejifunga vifungo mpaka shingoni. Alinuka mwezi mzima."

"Yupi, Anthony au kondoo?"

Alicheka kidogo, halafu akaacha. "Kila asubuhi nawakuta kona ile pale. Majani mazuri yako huku. Wao wako kona ile."

Nilitazama. Kona ile ndiyo iliyo karibu zaidi na mlima wao.

Novemba 9

Theluji ya kwanza kileleni. Joss amemtoa Nip kufanya mazoezi, goti limepona. Leo tumeongea kuhusu paa.

Novemba 14

Keshokutwa ni mkutano. Nimejiandikia nitakalosema, nikafuta, nikaandika tena. Nimemwambia Joss wazi: nitawaeleza maana ya neno, na nitasema mimi niliijua tangu Septemba. Malisho yakibaki, Alan hatapata kondoo mia. Nimemzaa mimi Alan, najua ninachokitoa.

"Na kuhusu wale tisa?" akauliza.

"Wale ni wako kuwasema. Mimi ni katibu wa karatasi."

Alikunywa chai yake yote bila kuinua macho.

Novemba 16, Jumamosi

Niko mezani jikoni. Niandike kwa utaratibu.

Mkutano ulikuwa baani kama kila mwaka. Mazizi ya muda yalikuwa uani kwa ajili ya kondoo waliopotea, na ndani kulikuwa na chungu kikubwa cha nyama ya kondoo na viazi. Watu kumi na wanne wenye haki ya mlimani. Kumi na watatu, kwa kweli, maana Joss hakuwapo. Aliondoka nyumbani kabla yangu bila kusema aendako. Thora alikaa nyuma karibu na makoti, na viti vya pande zake zote mbili vilikuwa vitupu.

Tulipofika kwenye habari ya malisho ya Mounsey, nilisimama, nikasoma barua tena. Nilipofika kwenye neno nikasita.

"Kabla hatujaendelea," nikasema, "nani anajua abeyance ni nini?"

Hata vijiko vilinyamaza.

"Mimi nililisoma Septemba mbele yenu kama ninalijua, na nilikuwa silijui. Siku ya tisa nikalitafuta, nikalijua, nikanyamaza, kwa sababu ukimya ulikuwa unanifaa. Kwa hiyo naanza na aibu yangu, zenu mtajua wenyewe. Maana yake si kwamba haki imekwisha. Imesimamishwa. Haina mtu kwa sasa, lakini inamngoja. Imekaa mdomo wazi."

Wilf akakohoa. "Mimi nilidhani ni Kilatini," akasema. "Kilatini cha kwisha."

Mtu mmoja akacheka, wakafuata wengine, na nikaona mabega yakishuka meza nzima. Ikawa kila mmoja anakiri. Mmoja alidhani ni aina ya kodi. Mwingine alidhani ni jina la ofisi ya wakala.

Lakini Wilf si mjinga, na alipomaliza kucheka alizungumza kwa upole. "Sawa, Bi Katibu. Inangoja. Lakini inangoja nini? Pale juu hakuna kondoo wa Mounsey hata mmoja. Ukipeleka wageni watashuka mlima siku ya pili, hawana mama wa kuwaonyesha. Simchukii binti. Nasema tu kwamba malisho bila kondoo wanaoyajua ni mawe na upepo. Huwezi kulishikilia jina la kitu na kitu chenyewe hakipo."

Vichwa vilitikisika, na safari hii vilitikisika kwa kuelewa. Nilijua jibu liko wapi, na niliahidi kwamba si langu kulitoa. Nilimtazama Thora. Alikuwa ameshachukua koti lake.

Ndipo tukasikia trela uani.

Joss aliingia na matope mpaka magotini, akavua kofia. "Kuna kondoo waliopotea wa kutaja," akasema. "Njooni nje, desturi haifanywi karibu na chungu."

Tulitoka sote. Alifungua mlango wa trela, wakashuka mmoja mmoja, majike watano na wanakondoo wanne, wakaingia zizini. Mstari wa mabegani ulikuwa mwekundu wa kuiva, rangi mbichi kabisa. Aliupaka upya asubuhi ile kwa mkono wake. Na wale wanakondoo wanne, ambao hawakuwahi kuwa na alama ya mtu, nao walikuwa na mstari mwekundu.

Joss aliweka mkono juu ya mwenye pembe iliyovunjika, akapaza sauti kama baba yake alivyokuwa akifanya. "Mstari mwekundu mabegani, sikio la kushoto limekatwa pembe. Walikutwa mlimani Oktoba, kwenye malisho yao wenyewe. Hawa wa nani?"

Kwa desturi mwenyewe hujibu, na asipojibu hakuna anayeruhusiwa kumjibia. Tulingoja. Pumzi za kondoo zilipanda kama moshi. Nilimwona Wilf akitazama chini, midomo yake inasogea, na nadhani alikuwa akimwomba msichana aseme.

"Wa Mounsey," akasema Thora. Sauti ilikatika, akairudia. "Wa Mounsey. Ni wangu."

"Basi wachukue," akasema Joss. "Mwezi mzima nalisha kondoo wa watu."

Tulirudi ndani tukapiga kura. Mikono kumi na miwili ilinyooshwa, ya Joss ikiwamo. Mmoja alikataa na mmoja alikuwa msalani. Wilf ndiye aliyependekeza kwamba kila mwenye kondoo wake ng'ambo ya kijito awaondoe kabla ya Jumatano, na kwamba aanze yeye. Kisha akaniomba nisome nilivyoandika.

"Imeamuliwa kwamba haki ya malisho ya shamba la Mounsey ibaki katika abeyance hadi mpangaji mpya, Thora Mounsey, atakapoingia shambani."

"Soma tena lile neno," akasema Wilf. Nikalisoma. Akalirudia mwenyewe, meza nzima ikalirudia, kama watoto wa Mwalimu Pennington.

Hiyo ilikuwa ya sita.

Novemba 17

Nimemuuliza Joss kwa nini. Alikuwa anavaa soksi.

"Walikuwa wanaangalia mlima," akasema. "Kila asubuhi. Unadhani mtu anaweza kula kifungua kinywa akitazamwa hivyo?" Halafu akaongeza: "Na si wao wanaonitazama mimi. Hilo ndilo lilikuwa baya."

Amempigia Alan yeye mwenyewe, nikasikia akimweleza yote bila kujitetea. Alan akauliza Thora atawezaje peke yake. Kwa sasa ataomba machimboni wampe siku mbili za mapumziko kila wiki, aje kufanya kazi huku. Si kondoo mia moja. Lakini siku mbili ni mbili, na atalala nyumbani.

Novemba 21

Kondoo wetu wamerudi upande wetu. Baadhi hawakupenda.

Desemba 1, Jumapili

Thora amehamia jana. Wilf amempa madume wawili wa kuazima msimu huu, huku akilalamika tangu mwanzo hadi mwisho. Jamaa kadhaa wamemuuzia wanakondoo wa kike thelathini, wa kukua nyuma ya wale tisa na kuonyeshwa njia. Mwalimu anasema itachukua miaka. Mwalimu pia ananidai sentensi moja.

Asubuhi nilioka mkate wa nyama, nikaufunga kwa kitambaa nimpelekee. Joss alikuwa mlangoni amevaa buti.

"Huo wa nini?"

"Wa Thora. Amehamia."

Aliutazama mkate, nadhani akahesabu ile kumi na saba, maana niliwahi kumwambia. Alipiga mluzi, na Nip akaja mbio kutoka ghalani, jicho jeupe linang'aa. Joss akamfunga kamba shingoni, mbwa aliyemfundisha miezi minane na ambaye angeweza kumuuza kwa bei ya kujivunia, akashuka naye kuelekea kwa Mounsey.

Nilimfuata na mkate wangu. Mnyororo wa lango ulikuwa umeondolewa, na lango lilikuwa wazi.

Sentensi ya saba nimeiandika jikoni kwa Thora, nyuma ya bahasha, wakati Joss akimfundisha namna ya kumwita Nip na Thora akikosea mluzi: Haki ya malisho ya Mounsey haimo tena katika abeyance.

Mwalimu ameipitisha jioni hii kwa simu.